Duka lasema ni kutu na stima: waranti ya PS5 imekufa kweli?

BARUA

Mshauri, assalaam alaykum.

Mwezi wa Novemba niliwanunulia wanangu PS5 mpya (mashine ya gemu ya Sony), ile ya kuingiza CD, kwa shilingi 72,000 katika duka moja kisiwani Mombasa. Nililipa kwa M-Pesa, nikapewa risiti na kadi ya waranti ya miezi sita. Kadi yasema waranti haihusu stima, maji, kutu, wala mashine ambayo stika ya duka imebanduliwa. Twaishi Bamburi, nyumba ya mabati, na bahari si mbali.

Februari ikaanza kuzimika yenyewe baada ya nusu saa hivi, ikionyesha onyo la kupata joto kupita kiasi. Watoto wakaielekezea feni, wakaendelea kucheza. Aprili ikawaka kama kawaida, ikalia mlio wake, taa ikawa nyeupe, lakini kwenye tivi hakuna picha. Niliwaandikia duka WhatsApp siku hiyohiyo, nikaipeleka. Walikaa nayo majuma matatu. Nilipofuatilia, kijana wa kaunta akaniambia: "Mama, fundi amesema ndani kuna kutu na stima imepiga bodi. Waranti imekufa." Wataka 18,000 kuitengeneza. Karatasi sikupewa. Nimeirudisha nyumbani. Stika yao imebandikwa kwenye ganda jeupe la nje, na sisi hatujaigusa.

Niseme ukweli wote: Jumamosi vijana wa jirani huja kucheza mpira na hutoa shilingi 50 kwa mechi, zinanisaidia kununua tokeni za stima. Je, hilo laniharibia? Nilipe hizo 18,000, nimpelekee fundi wa Mwembe Tayari aliyeniambia atafanya kwa bei nafuu, ama nidai pesa zangu? Nilipouliza waranti ya mwaka mmoja ya mtengenezaji walicheka. Na pedi moja ya kuchezea nayo, mchezaji kwenye gemu anatembea peke yake bila kidole kugusa.

Mama Nasri, Bamburi

JIBU

Waalaykum salaam, Mama Nasri.

Usilipe bado, na fundi wa Mwembe Tayari asubiri kwanza, hata kama ni hodari. Mashine ikishafunguliwa na mtu mwingine, duka litasema aliyeharibu ni yeye, na hutakuwa na la kujibu. Zaidi ya hapo, ulichoambiwa kwenye kaunta ni madai mawili tofauti yaliyofungwa pamoja. Kutu huacha alama zake na stima huacha zake. Anayedai ndiye anayethibitisha, na mpaka leo duka halijakuonyesha hata picha moja.

Tuanze na dalili, maana zasema mengi. Taa ya PS5 huanza buluu, kisha hugeuka nyeupe mashine ikishaamka. Yako hulia na kufika nyeupe, kwa hiyo pawa saplai yatoa umeme na bodi inawaka. Kilichokatika, kwa kila dalili, ni njia ya picha: waya wa HDMI, tundu lake, au chipu ndogo iliyo nyuma ya tundu hilo.

Hayo waweza kuyapima bila kugusa stika. Badilisha waya wa HDMI na utumie tundu jingine la tivi, kisha ujaribu tivi nyingine kabisa. Zima mashine, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia bila kukiachia: italia mara moja, na baada ya sekunde saba hivi italia mara ya pili. Hapo achia. Chomeka pedi kwa waya wa USB na ubonyeze kitufe chake cha katikati. Hii ndiyo hali ya usalama, na hapa picha hutoka kwa ubora wa chini. Ikitokea, kifaa hakijafa. Ingia sehemu ya "Change Video Output" urekebishe. Isipotokea, chukua tochi umulike ndani ya tundu la HDMI la mashine. Kuna pini 19, safu moja ya 10 na nyingine ya 9, nazo zapaswa kuwa zimenyooka na kulingana. Ukiona iliyopinda au iliyosukumwa ndani, twakwambia mapema: hiyo huhesabiwa kuwa kosa la mtumiaji, mtoto alichomeka waya kwa nguvu au gizani, na kesi yako yapungua sana.

Kipo kipimo kingine kizuri kuliko vyote. Ikiwa watoto waliwahi kuwezesha Remote Play (programu ya kucheza gemu za PS5 kupitia simu) kwenye simu kabla ya mashine kuharibika, jaribuni kuiunganisha sasa kwa Wi-Fi ya nyumbani. Picha ikija kwenye simu, umeshika ushahidi kwamba ubongo wa mashine ni mzima na hitilafu iko mlangoni pa HDMI tu. Irekodi video kwa simu nyingine, tivi isiyo na picha ionekane kando yake.

Sasa hilo la "stima imepiga". Volti zikipanda kwenye soketi, kinachopokea kipigo kwanza ni pawa saplai. PS5 imeundwa kwa volti 100 hadi 240, na soketi zetu ni 240. Waya wa nyutro ukikatika kwenye nguzo, nyumba moja yaweza kupata volti zinazokaribia 415. Pale waya unapoingilia ndani kuna fyuzi, na kando yake kijisahani kiitwacho varista, kazi yake kujitoa mhanga. Kipigo kikubwa kikija, varista hupasuka au kuungua na fyuzi hukatika. Mashine ya namna hiyo huwa kimya kabisa, haina mlio wala taa. Yako haiko hivyo. Fundi akisisitiza kuwa ni stima ya ukutani, mwombe akuonyeshe varista na fyuzi.

Hata hivyo, kwa haki, kuna njia ya pili ya stima kuingia, nayo ni huo waya wa HDMI wenyewe. Plagi ya PS5 haina waya wa ardhi, na tivi nyingi ni vivyo hivyo. Vifaa vya aina hii bodi zake huelea na volti kidogo. Ndiyo sababu ukigusa chuma cha nyuma ya tivi wakati mwingine wahisi kama unatekenywa. Ukichomeka HDMI vyote viwili vikiwa vimewashwa, tofauti hiyo hupitia kwenye pini na yaweza kuua chipu. Waya wa dishi wakati wa radi ni hatari zaidi, huleta kipigo hadi kwenye tivi na kutoka hapo hadi kwenye mashine. Fundi akipima chipu ya HDMI na kukuta imekufa huku tundu ni zima, duka litakuwa na hoja kiasi, ingawa bado haijathibitika: chipu hufa pia kwa joto, na yako ilikuwa ikilalamika joto tangu Februari.

Kutu nayo ina sura. Kutu ya kahawia kwenye vichwa vya skrubu na kwenye bati linalofunika bodi ni kawaida Mombasa, na haizuii picha. Kutu inayoua ni ule ukungu wa kijani au wa buluu unaokula shaba na miguu ya vifaa kwenye bodi yenyewe. Ombeni picha ya karibu ya eneo la HDMI, pande zote mbili za bodi. Na hata ikiwapo, swali ni lako kuuliza: duka linalouza kisiwani kwa watu wanaoishi kwenye upepo wa bahari, likitoa kutu kwenye waranti ndani ya miezi mitano, limeuza mashine ya kutumiwa wapi? Kwa maoni yetu kipengele hicho kingepaswa kumwaibisha aliyekiandika.

Joto la Februari linastahili maelezo, kwa sababu ndilo mtakalorudia mkipata mashine nyingine. Mtengenezaji ameandika kwamba PS5 itumike kwenye joto la nyuzi 5 hadi 35. Chumba cha mabati wakati wa kaskazi, saa nane mchana, hupita hapo bila shida. Feni ya nje haisaidii sana ikipuliza hewa hiyohiyo ya moto, tena huongeza vumbi. Ndani ya ganda jeupe kuna matundu ya kunasia vumbi, ambayo mwenye mashine anatakiwa kuyafyonza kwa mashine ya kufyonzea vumbi mara kwa mara. Ganda hilo halina skrubu, hutolewa kwa mkono, na mtengenezaji mwenyewe huelekeza litolewe pia unapoongeza hifadhi ya SSD. Kwa hiyo stika ya duka iliyobandikwa juu ya ganda inamkataza mteja kufanya usafi ambao kitabu cha mashine kinamwagiza. Ipige picha ilivyo, tarehe ionekane, wala usiibandue kabla suala hili halijaisha. Mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani iliyaonya makampuni sita, yakiwemo watengenezaji watatu wakubwa wa mashine za gemu, kuhusu vitisho vya aina hiyo. Onyo hilo halifungi duka la Mombasa, lakini hoja yake ni ileile.

Kuhusu sheria. Kadi ya duka ni ahadi ya nyongeza tu, haifuti iliyo juu yake. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya Kenya ya 2012, kifungu cha 5, humhesabu muuzaji kuwa ametoa dhamana kwamba bidhaa ina ubora wa kuridhisha, na masharti ya kuifuta dhamana hiyo ni batili. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Hizo shilingi 50 za Jumamosi: waranti za watengenezaji kwa kawaida hukataa mashine iliyotumiwa kibiashara, na duka laweza kujaribu kusema wewe si mtumiaji wa kawaida. Kadi yao, kama ulivyoieleza, haikutaja jambo hilo. Isitoshe, kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo humlinda mnunuzi yeyote, awe wa nyumbani au wa biashara, anaponunua kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Ukiulizwa, sema ukweli. Usilitangulize tu.

Kudai 72,000 zote ni jambo jingine. Umeitumia miezi mitano, kisheria umeipokea, na baada ya hapo mnunuzi hudai fidia ya kasoro badala ya kurudisha mali. Lengo lako liwe matengenezo bure, au gharama ya matengenezo ulipwe. Ukikataliwa hilo ndipo useme habari ya mashine nyingine.

Na waranti ya mtengenezaji? Kicheko chao kina chanzo. Dhamana hiyo hufuata eneo ambalo mashine iliuzwa mara ya kwanza. Angalia namba ya modeli nyuma ya mashine na kwenye boksi, na uhakikishe namba za utambulisho (serial) za vyote viwili zalingana. Katika toleo la CFI-12, kwa mfano, CFI-1215A ni ya Marekani, CFI-1216A ya Ulaya na CFI-1200A ya Japani. Kilichonunuliwa kwa jumla nje na kuletwa Mombasa kinaweza kuwa na dhamana halali kabisa, ila lazima ukipeleke kulekule. Watengenezaji wanajua fika kwamba mwaka mmoja ni mfupi. Mashine za gemu za Xbox 360 zilipokuwa zikifa na kuonyesha duara jekundu la taa, Microsoft mnamo Julai 2007 iliongeza dhamana ya hitilafu hiyo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja. Nintendo nayo ilitangaza mwaka 2023 kwamba pedi za mashine yake ya Switch zinazojisogeza zitatengenezwa bure Ulaya hata dhamana ikiisha. Tangazo hilo lilikuwa la Ulaya, si la hapa kwetu. Ndiyo maana twasema shikana na muuzaji, usipoteze majuma kuandikia ng'ambo.

Andika barua fupi, uipeleke mwenyewe na uitume pia kwa WhatsApp, namna hii:

"Nilinunua kwenu PS5 namba ya serial (…) tarehe (…), risiti namba (…). Tarehe (…), ndani ya miezi sita, niliwaarifu kwamba haitoi picha. Mmenieleza kwa mdomo kwamba chanzo ni kutu na stima. Naomba ndani ya siku 14 ripoti iliyoandikwa na kutiwa sahihi na fundi, yenye picha za tundu na chipu ya HDMI, pawa saplai na sehemu yenye kutu. Au mtengeneze mashine bila malipo. Siku mlizokaa na mashine zisihesabiwe kwenye waranti."

Ambatisha nakala ya risiti, kadi na ujumbe wa M-Pesa. Ikiwa risiti ni ya eTIMS (mfumo wa risiti za kodi) itakuwa na PIN ya muuzaji. Tafuta pia jina ambalo biashara imesajiliwa nalo, kwa sababu jina la kwenye bango mara nyingi silo.

Siku 14 zikipita kimya, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na huko hulipi. Lakini kwa kiasi kama chako njia yenye meno ni Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Mombasa ipo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hukumu yatakiwa kutoka ndani ya siku 60, na wakili si lazima. Haibanwi na kanuni kali za ushahidi, hivyo WhatsApp, picha na ile video ya Remote Play zapokewa. Maduka mengi hulegea yakiona tu barua yenye jina la mahakama hiyo.

Mkikubaliana kuachana, au ukichoka, basi sasa mwite fundi wako, kwa masharti. Kubadilisha tundu la HDMI kunahitaji bodi itolewe, na bodi haitoki bila kuachanisha kipoza joto. Kati yake na chipu kuu pana metali ya majimaji yenye galiamu: hupitisha umeme, hula alumini, na tone moja likimwagikia vifaa vya jirani bodi imekwisha. Muulize ataisafishaje na atarudisha nini. Akijibu kwamba atapaka pesti ya kawaida tu, chukua mashine uondoke. Muulize kama ana bisibisi ya TR8, ile ya nyota yenye tundu katikati. Aliyezoea kufungua PS5 hatatoka kuazima. Mtake atenganishe bei ya tundu, bei ya chipu na ufundi, kwa sababu tundu peke yake ni kitu cha bei ndogo na wengi hutoza chipu ambayo hawakuigusa.

Kabla hujamwachia, toa CD na SSD ya ziada ikiwapo, andika namba ya serial na upige picha kila upande. Vifaa hubadilishwa. Tena katika matoleo ya mwanzo kisomea CD kimefungamanishwa na bodi yake. Ukirudishiwa cha mashine nyingine hakitasoma gemu. Gemu zilizohifadhiwa nazo, za PS5 hazinakiliwi kwenye flashi, na hifadhi ya ndani imelehemiwa kwenye bodi. Bodi ikifa bila nakala ya mtandaoni, watoto waanze ligi upya.

Mashine ikirudi, iweke sentimita 10 kutoka ukutani, mbali na dirisha la upande wa bahari, na uiachie mchana wa Februari ipumzike. Soketi yake ipitie gadi ya tivi, ile inayokata volti zikishuka au kupanda na kungoja kidogo kabla ya kurudisha. Kebo ndefu ya matundu manne yenye taa nyekundu haikati chochote. Yu-pi-esi (betri ya akiba) ya VA 650 hutoa wati 360 hivi, na PS5 ikicheza hula kama 200, kwa hiyo inabeba na tivi ya wastani kwa dakika za kuzima vizuri. HDMI ichomekwe vyote vikiwa vimezimwa ukutani, na waya wa dishi utolewe mvua za masika zikianza kunguruma.

Pedi inayojisogeza ni ya bei ndogo kuliko yote haya. Ndani ya kijiti kuna vipande viwili vya kaboni vinavyosuguliwa kila ukisukuma, na vikichakaa au vikiingia vumbi hutoa namba za uongo. Jaribu kwanza pombe ya isopropili ya asilimia 99, matone machache pembeni mwa kijiti pedi ikiwa imezimwa, kizungushe, kisha iache ikauke kabisa. Ikirudia baada ya siku chache, kaboni imeisha. Badilisha kijiti chenyewe, na ukiweza weka cha sumaku kisichosuguana. Kila kijiti kina sehemu 14 za kulehemu, na baada ya kubadilishwa pedi lazima isawazishwe upya kwa kompyuta, la sivyo mchezaji ataendelea kutembea peke yake na kijiti kipya. Muulize fundi kama anajua kuisawazisha kabla hajapasha moto chuma cha kulehemu.